SOMO: H Yake Ngapi? Namna ya Kusoma Rekodi ya Mtafiti wa Tiba



Toleo hili nimeonelea tuziweke kando kidogo habari za viza na ada, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikuta ghafla tukishafika shahada ya pili, na skuli hakuna aliyetufundisha. Nalo ni hili: mtafiti wa tiba anapimwaje, na wewe mwanafunzi uzisomeje namba zake kabla hujampa miaka miwili au mitatu ya umri wako?

Kilichonisukuma ni ujumbe wa dada mmoja wa Tanga anayesoma hapa Oman. Alitakiwa achague msimamizi wa tasnifu. Akaniandikia: "Kaka, nimepewa majina mawili. Mmoja h yake 45, mwengine 9. Huyu wa 9 ndiye anayeshughulika na selimundu, na unajua kwetu nyumbani tuna mgonjwa. Nimchukue yupi?"

Ujumbe ulinikuta Nizwa, Ijumaa asubuhi, nimesimama kwenye mnada wa mbuzi. Wale mliofika mnaujua: wauzaji wanawazungusha mbuzi duara, wanunuzi wamekaa, na anayetaka anamsimamisha mbuzi, anamfunua mdomo aone meno, anampapasa mgongo. Sijamwona mtu akinunua kwa kutajiwa uzito tu. Basi nikamjibu: subiri dada, usichague bado, nitakuandikia. Nilichomwandikia ndicho hiki, nimekirefusha kidogo.

Nukuu na h

Mtafiti akimaliza kazi yake huandika makala, huipeleka kwenye jarida, wataalamu wenzake huipitia, na ikikubaliwa hutoka. Mwisho wa makala huwapo orodha ya kazi za watu wengine alizozitegemea. Kila ukitajwa kwenye orodha ya mwenzako, umepata nukuu moja. Ndiyo hiyo tu. Ukitajwa kwa kusifiwa ni moja, ukitajwa kwa kuambiwa umekosea ni moja vilevile.

Wazo la kuzikusanya nukuu kwa mpango lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 faharasa yake ikaanza kuchapishwa. Lengo la mwanzo lilikuwa kumsaidia anayetafuta: ukiijua makala moja ya zamani, uweze kuwapata wote walioitumia baadaye. Kuwapanga watu madaraja kulikuja nyuma. Katika faharasa hiyohiyo ndimo kilimotoka kile kipimo cha jarida ambacho maprofesa wanapenda kukitaja. Hesabu yake si ngumu. Chukua makala ambazo jarida lilizitoa katika miaka miwili iliyopita, tazama zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, kisha gawa. Makala 100 zikinukuliwa mara 300, jarida lina 3. Lakini huo ni wastani, na wastani wa nukuu ni kama wastani wa kipato kwenye mtaa wenye tajiri mmoja. Makala tano zinaweza kulibeba jarida zima na yako ikawa na sifuri. Kwa hiyo anayekwambia "mie nimechapisha kwenye jarida la 5" amekupa habari za jarida, za makala yake bado.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaleta h. Panga makala za mtu, ukianza na iliyonukuliwa sana. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Ukifika mahali ambapo namba ya mstari imeizidi idadi ya nukuu, rudi mstari mmoja juu. Hapo ndipo h ilipo. Tuseme daktari wa Ibra ana makala saba zenye nukuu 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 1. Ya tano ina nukuu 5, inafaa. Ya sita ina 3 tu, haifiki 6. H yake ni 5. Sasa mchukue mwenzake wa Sur mwenye makala nne: 310, 4, 3 na 1. H yake ni 3. Yaani ile makala ya nukuu 310, ambayo huenda ndiyo inayosomeshwa vyuoni, imehesabiwa sawa na ile yenye nukuu 3. Shika kalamu ujaribu mwenyewe, usiniamini tu.

Tena h haishuki. Mtu akistaafu, akakaa barazani na kahawa yake na tende, h inaweza kuendelea kupanda. Ukimlinganisha mzee wa miaka 60 na daktari kijana, sehemu kubwa ya ulicholinganisha ni umri. Na uliza pia namba imetoka wapi. Google Scholar inaokota kila kitu, mpaka tasnifu na ripoti. Scopus na Web of Science zinachagua majarida. Mtu mmoja anaweza kuwa na h tatu, na kwenye wasifu wake ataandika ile kubwa. Wewe ungefanya nini?

Nizwa na ubani

Sasa tuje kwenye mifano ya kweli. Chini ya Jabal Akhdar, Birkat Al Mouz, kipo Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichoanza kusomesha mwaka 2004. Mtafiti wake anayejulikana sana ni Profesa Ahmed Al-Harrasi. Huyu ni mkemia, si tabibu wa wodini. Alipata shahada ya uzamivu Free University of Berlin mwaka 2005, kisha Nizwa akaanzisha kituo cha utafiti wa mimea tiba ya Oman na viumbe vya baharini. Kazi iliyompa jina zaidi ni ya ubani, huuhuu tunaofukizia nyumba, unaotoka kwenye mti wa Boswellia sacra kule Dhofar. Yeye na wenzake wamezitenganisha kemikali zilizomo, khasa zile zinazoitwa asidi za boswelia, na kuzijaribu maabara kuona zinafanya nini kwenye uvimbe na kwenye seli za saratani. Makala zake ni mamia, na nukuu zake maelfu.

Kwa nini nyingi hivyo? Bidii ipo, hilo nisilifiche. Lakini tazameni pia namna fani yenyewe inavyokwenda. Kemia ya mimea ina watu wengi duniani: Wajerumani, Wahindi, Wapakistani, Wachina, wote wanatafuta kwenye utomvu na majani. Kemikali moja ikishatengwa, mmoja ataijaribu kwenye saratani, mwengine kwenye kisukari, mwengine kwenye baridi yabisi, na kila mmoja atarudi kuinukuu makala iliyoitenga. Timu ni kubwa, majina ni mengi, makala hutoka kwa haraka. Daktari wa watoto anayewafuatilia wagonjwa wake miaka minane ili apate makala moja hawezi kuingia mbio hizo, na wala hazimhusu. Kwa hiyo mkemia mlinganishe na mkemia, wa damu na wa damu. Na seli iliyokufa kwenye kichupa cha maabara bado iko mbali na mgonjwa aliyepona kitandani, hata kama makala yake imenukuliwa mara elfu.

Makala ya damu

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa sababu unatugusa sisi watu wa mwambao. Mwaka 2000 jarida la American Journal of Hematology lilitoa makala kuhusu asili ya jeni ya selimundu nchini Oman. Mwandishi wa kwanza ni Dakta Shahina Daar wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, pamoja na wenzake, wakiwamo Krishnamoorthy wa Ufaransa na Nagel wa Marekani. Jeni ya selimundu husafiri ikiwa imezungukwa na alama nyengine za urithi, na fungu la alama hizo huitwa haplotaipu. Ukizisoma alama unaweza kujua jeni ya mtu ilianzia upande gani wa dunia, kama vile unavyosikia lafudhi ya mtu ukajua huyu wa Pemba, huyu wa Mombasa.

Walikuta nini? Karibu asilimia 52 ilikuwa aina ya Benin, yaani ya Afrika Magharibi. Karibu asilimia 27 ilikuwa ya Uarabuni na India. Na karibu asilimia 21 ilikuwa aina ya Kibantu. Moja katika tano! Hapo huna haja ya kuelezwa na mwanahistoria. Majahazi ya Sur yalikuwa yakija na kaskazi mpaka Zanzibar na Kilwa, yakirudi na kusi. Wabarwani na Waharthi wa Ibra na vijiji vyake walikuwa na ndugu na mashamba Unguja. Watu wetu walipelekwa huko kwa utumwa, wengine walikwenda kwa biashara, wengine kwa ndoa, na baada ya 1964 wengi walikwenda kwa kukimbia. Ukipita Ibra leo utawasikia wazee wakiongea Kiswahili kizuri kuliko chako. Damu nayo imeyaweka hayo yote.

Na kwa daktari si hadithi tu ya kale. Aina ya Uarabuni na India kwa kawaida huja na kiwango kikubwa zaidi cha ile hemoglobini ya utotoni, na mgonjwa mara nyingi huumwa kwa unafuu. Aina ya Kibantu inajulikana kwa ukali. Wagonjwa wawili wamekaa benchi moja, ugonjwa wao una jina moja, na mwendo wake ni tofauti. Miaka mitatu baadaye, 2003, Journal of Tropical Pediatrics ikatoa matokeo ya uchunguzi wa taifa zima uliopima zaidi ya watoto 6,000 wa chini ya miaka mitano: asilimia 6 hivi walibeba jeni ya selimundu, na kama asilimia 2 walibeba thalasemia ya beta, huku mikoa ikitofautiana.

Ukizitafuta makala hizi mbili utakuta zimenukuliwa vizuri, lakini huwezi kuziweka karibu na zile kubwa za saratani. Anayeandika juu ya damu ya Waomani ni nani? Waomani wenyewe na wachache wengine. Idadi ya nukuu inakueleza ukubwa wa baraza linalozungumza jambo hilo. Mtu anayepanga huduma ya kupima damu kabla ya ndoa, akaitumia makala ile kupanga, hanukuu popote. Muuguzi anayekaa na bibi na bwana mtarajiwa, akawaeleza nini maana ya wote wawili kuwa wabebaji, naye hanukuu. Kazi imefanya kazi, na h haikusogea.

Huku kwetu mfano ulio karibu ni Muhimbili. Tangu mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake waliwaandikisha wagonjwa wa selimundu Dar es Salaam na kuwafuatilia. Mwaka 2011 wakatoa kwenye PLoS ONE makala ya wagonjwa zaidi ya 1,700, wakionesha vifo vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya kufuatiliwa, ukijumlisha muda wa wagonjwa wote. Jarida hilo linasomwa bure. Dada yetu wa Tanga aliisoma usiku uleule kwenye simu. Ile ya Oman ya 2000 ilimbidi aende maktaba ya chuo. Nalo hilo linaingia kwenye nukuu bila mtu kulisema: kinachosomwa bure, hata wa Kigoma atakinukuu.

Namba isiyosema yote

Yupo mmoja ambaye makala yake imenukuliwa sana, na kila mwanafunzi wa baiolojia ameisoma hata kama hajui jina. Anthony Allison alilelewa Kenya. Mwaka 1954 alichapisha kwenye British Medical Journal kwamba mwenye kubeba jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa watoto 290 wa Kiganda aliowapima, wabebaji walikuwa na vimelea kwa asilimia 27.9, na wasiobeba asilimia 45.7. Wengi hawakumkubali mwanzoni. Leo ni msingi.

Lakini fungueni makala yenyewe mwisoma. Pamoja na wale watoto, wamo wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wabebaji na 15 si wabebaji, ambao waliambukizwa malaria kwa makusudi ili kuona nani ataugua. Walioshikwa ni 14 katika wasiobeba, na 2 katika wabebaji. Imeandikwa kwamba walijitolea. Kenya, miaka ya mwanzo ya 1950, chini ya mkoloni. Kujitolea kwa namna gani, kila mtu apime. Nukuu zimepanda miaka yote hiyo, na hakuna hata moja inayobeba majina ya watu wale. Mimi simwambii mtu aache kuinukuu makala hiyo. Nasema ukiinukuu, iwe umeisoma.

Jina lako

Hapa nina kidonda changu. Makala yangu ya kwanza ilitoka na jina la babu mwisho, ya pili na nisba ya ukoo, kwa sababu mwenzangu aliyejaza fomu alijaza alivyoona yeye. Kwenye Scopus nikawa watu wawili, kila mmoja masikini. Kuunganisha kulinichukua miezi. Wenye majina ya Kiarabu ndio tunaoumia: Barwani, Al-Barwani, Albarwani, El-Barwany, hao kompyuta inawaona wanne. Kuna wengine Unguja waliiacha "Al" na wakirudi Maskati wanaambiwa wairudishe. Wabara nao wana yao: huku jina la baba ni la mwisho, kule la katikati, na ukiolewa mambo yanaanza upya. Dawa ipo na ni bure: tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 inayokufuata hata ukibadili jina. Ichukue kabla ya makala ya kwanza, siyo baada ya ya pili kama mie.

Neno moja pia juu ya ile orodha ya "asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani" ambayo kila mwaka vyuo vinaitangaza kwa mabango, huku Oman na kwetu pia. Iliasisiwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake, na ilielezwa kwenye PLoS Biology mwaka 2019. Si tuzo, na Stanford haimpi mtu cheti. Data zake ni za Scopus. Uzuri wake ni kwamba inatazama pia mtu amekaa nafasi gani kwenye orodha ya waandishi, na inaonesha hesabu ukiondoa nukuu ambazo mtu amejinukuu mwenyewe. Zipo orodha mbili, ya maisha yote na ya mwaka mmoja. Anayejisifu muulize yupo kwenye ipi.

Dada alifanyaje

Nilimwambia aache h, achukue makala 20 za mwisho za kila mmoja, atazame vitu vitatu. Kwanza, nani jina la kwanza? Kwenye tiba wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mkuu, wa katikati wamesaidia. Pili, wanafunzi wake wa zamani wako wapi, na wanasemaje? Tatu, asome makala tatu, siyo muhtasari.

Nikiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa huyu wa 9. Daktari wa wagonjwa, ugonjwa wetu, namba ndogo kwa sababu fani ndogo; nilishaipanga hadithi nzima kichwani. Dada akarudi na majibu mengine. Yule wa 45, katika makala 20, jina la kwanza kwenye 14 lilikuwa la mwanafunzi wake. Aliwapata wawili, wote wakamjibu siku ileile, mmoja akamwambia profesa ni mkali lakini anasoma rasimu mpaka nukta. Ukiondoa alivyojinukuu, h yake ilishuka kidogo tu. Yule wa 9 jina lake lilitangulia kwenye zote 20, na wanafunzi waliokusanya damu walikuwa kwenye shukrani, wengine hata huko hawamo.

Basi alikwenda kwa wa 45. Lakini huyo hana wagonjwa wa selimundu, na dada hakutaka kuiacha mada yake. Akarudi kwa daktari wa 9, akamwomba awe msimamizi wa pili, na kabla ya lolote wakaandikiana barua pepe nani atatangulia jina kwenye makala ya kwanza. Aliniambia mikono ilimtetemeka alipoibonyeza kuituma. Daktari alikaa kimya siku nne, kisha akajibu kwa mstari mmoja: amekubali. Mpaka naandika hapa wanasubiri kibali cha kamati ya maadili.

Wenye maswali, au wenye mikasa ya majina kama wangu, leteni kwa mhariri. Toleo lijalo nikijaaliwa nitaeleza namna ya kumjibu mpitiaji aliyeikataa makala yako.